Mipira ya maji inayovuja kwenye gari la zamani: ununue ipi, na ubadilishe mingapi?

Mpira wa maji ukianza kuvuja kwenye gari lenye umri, maswali huja matatu kwa mpigo: ununue mpira wa aina gani, ubadilishe mmoja au yote, na uufunge kwa klipu ipi. Wenye magari hubishana sana juu ya lile la kwanza, mawili yaliyobaki wakayaacha yajijibu yenyewe. Mimi naona ni kinyume. Gari likichemsha tena muda mfupi baada ya kufungwa mpira mpya, kwa kawaida kosa si aina ya mpira. Ni klipu mbovu, shingo ya rejeta iliyoliwa na kutu, au mpira jirani wa rika lile lile ambao nao ulikuwa unangoja zamu yake.

Niseme mapema ninapoegemea. Kwa gari la kawaida linalotembea barabarani, ningechukua mpira mweusi wa EPDM (aina ya mpira wa kiwandani unaohimili joto na maji) uliotengenezwa kwa umbo la gari hilo, nikaubadilisha pamoja na wenzake wa umri mmoja, na kuufunga kwa klipu za springi. Silikoni ni nzuri, lakini mahali inapohitajika hasa ni pachache kuliko matangazo yake yanavyodai.

Kwanza ujue wa zamani umekufa na nini

Ule uliouvua usiutupe. Upasue kwa urefu, utazame ndani na nje, maana chanzo cha kifo ndicho kinachoamua ununue nini. Mpira uliokakamaa, unaolia ukiukunja, umechoshwa na joto na miaka. Nyufa ndogo ndogo zilizojipanga kwenye kona, upande uliovutika, ni kazi ya ozoni ya hewani, na hupatikana zaidi kwenye mipira ya kale iliyotengenezwa kabla EPDM haijaenea. Ukikuta mpira umevimba, umelegea na unanata mkononi, hapo oili imeingia: kuna sili au gasketi inayoudondoshea kutoka juu. Usipoiziba hiyo kwanza, mpira mpya utakwenda njia hiyo hiyo. Na hapa wengi hukosea hesabu. EPDM haipatani na oili, na silikoni ya kawaida nayo haipatani na oili. Anayenunua silikoni ili kuikimbia oili hajatibu kitu.

Adui wa nne hujificha. Injini ya chuma, rejeta ya shaba au alumini, na kulanti (maji ya kupozea injini yenye dawa) inayopita kati yake hufanya kazi ya betri dhaifu. Mkondo mdogo wa umeme hushambulia mpira kutoka ndani, hasa karibu na ncha, ukafungua nyufa nyembamba sana. Kulanti hupenya kwenye nyufa hizo hadi kwenye nyuzi zinazoupa mpira nguvu, na nyuzi zikaanza kuoza. Kwa nje mpira unaonekana mzima kabisa, kisha siku moja unachanika kwa mstari mrefu. Mipira ya juu ya rejeta, ya baipasi (njia fupi inayorudisha maji kwenye pampu bila kupitia rejeta) na ya hita ndiyo huumia zaidi kwa namna hii.

Ndiyo maana kuubinya mpira katikati na kutikisa kichwa kwa kuridhika hakutoshi. Injini ikiwa baridi, binya karibu na klipu, ndani ya sentimita tano hivi kutoka kwenye ncha, halafu binya katikati ulinganishe. Ncha ikiwa laini kuliko katikati, au vidole vikihisi mfereji upande wa ndani, mpira huo umekwisha hata kama haujadondosha tone.

Hakikisha pia kwamba kinachovuja ni mpira kweli. Pampu ya maji ina kitundu kidogo cha kutolea maji pale sili yake inapochoka, na maji hayo hushuka yakaulowesha mpira wa chini, lawama zikaenda kusiko. Pampu ya mkono ya kupimia presha hulimaliza shauri hili haraka: unaifunga mahali pa kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi, unajaza presha hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko, kisha unatafuta panapotoka maji. Kiwango hicho usikivuke. Magari mengi ya miaka ya 1950 na 1960 yalitumia presha ndogo, baa 0.3 hadi 0.5, wakati ya baadaye hufanya kazi kwenye 0.9 hadi 1.1. Kulivisha gari la 1960 kifuniko cha gari la 1990 ni kuitafutia rejeta yake msiba.

EPDM au silikoni

Tuanze na joto, kwa kuwa ndilo linalouza silikoni. Kulanti ya injini yenye afya huzunguka kwenye nyuzi 85 hadi 105 za Selsiasi, kutegemea thamostati na mzigo. EPDM ya kazi hii huhimili kama nyuzi 125, na aina zilizo bora zaidi hukaribia 150. Silikoni hufika 180 hivi. Kwa tarakimu silikoni imeshinda, ila imeshinda shindano ambalo mpira wako wa rejeta haushiriki. Pengo hilo huanza kuwa na maana pale mpira unapopita jirani na manifoldi ya ekzosi au tabo (turbo), mahali ambapo joto linaloua linatoka nje ya mpira, si kwenye maji yaliyo ndani.

Kwa umri, silikoni inaongoza bila ubishi. Haikakamai upesi na huvumilia miaka mingi ya kupashwa na kupozwa. Kwa mwenye gari linalotoka mara chache, ambaye hataki kurudi chini ya boneti kwa muda mrefu, hiyo ni hoja ya kweli.

Sasa upande wa pili, ambao wauzaji huupitia haraka. Silikoni hupitisha mvuke wa maji kupitia kuta zake, kidogo kidogo lakini zaidi kuliko EPDM. Haivuji, hakuna tone sakafuni, lakini kiwango kwenye tangi la akiba hushuka taratibu kadiri miezi inavyopita. Asiyejua hili hutafuta uvujaji usiokuwepo, akabadilisha pampu na gasketi bure. Tena silikoni ni laini. Klipu ya skrubu yenye matundu kwenye utepe wake huikamua ikajitokeza kwenye matundu hayo, na mwishowe huikata. Shingo ya zamani yenye ukingo mkali nayo huichana, na ikishapata jeraha dogo, jeraha hukua. Kwa hiyo bei ya silikoni haiishii kwenye mpira: kuna klipu zenye utepe laini ndani, kuna muda wa kusafisha shingo hadi ziwe nyororo.

Halafu kuna silikoni ambayo si silikoni, au ni silikoni nyembamba yenye tabaka moja la kitambaa. Tazama ncha iliyokatwa. Mpira wa maana wa silikoni huonyesha tabaka kadhaa za kitambaa, tatu au zaidi. EPDM ya maana huonyesha nyuzi zilizofumwa katikati ya ukuta wake. Usipoona nyuzi zozote, urudishe kwenye rafu. Rangi haisemi lolote.

Kuna mahali ambapo mimi mwenyewe ningeweka silikoni bila kusita: mpira mfupi uliojificha, wenye joto jingi kuuzunguka, ambao kuufikia ni kazi ya siku nzima. Land Cruiser ya mfululizo wa 80 yenye injini ya petroli ya 1FZ-FE ina mpira wa namna hiyo, wa hita, nyuma ya injini karibu na ukuta unaotenga injini na abiria, mahali mkono haupiti vizuri. Wenye magari hayo huuogopa kwa sababu nzuri. Hapo kinachonunuliwa ni kutorudi tena.

Wa umbo, wa mita, wa makunyanzi

Mpira wa umbo umefinyangwa kiwandani ufuate kona za gari lako. Huingia bila kulazimishwa na hauzivuti shingo. Wa mita ni bomba la mpira lililonyooka, unakata urefu unaotaka. Wa makunyanzi una mikunjo mwilini unaouwezesha kupinda upande wowote, na huuzwa kama mpira wa kila gari.

| Aina | Mahali pake | Kasoro yake |
|---|---|---|
| EPDM wa umbo | Rejeta juu na chini, baipasi | Kwa magari adimu haupatikani |
| Silikoni wa umbo | Karibu na ekzosi au tabo, pasipofikika | Hupitisha mvuke, huchanika, hutaka klipu maalumu |
| EPDM wa mita | Hita, njia iliyonyooka | Ukiupinda sana hujibana |
| Wa makunyanzi | Kurudisha gari nyumbani | Mgumu, huzivuta shingo |

Kwa hita, wa mita unatosha kabisa. Vipimo vinavyokutwa zaidi ni milimita 16 na 19 za ndani, lakini pima shingo badala ya kuamini kumbukumbu, na uhakikishe maandishi ubavuni yanasema ni wa hita au kulanti. Mpira wa petroli una unene unaofanana lakini umetengenezwa kwa kazi nyingine, na wa hita nao usikaribie petroli hata siku moja.

Wa makunyanzi siupendi. Ni mgumu, hivyo kila injini inapotikisika, mtikisiko unahamia kwenye shingo ya rejeta. Rejeta ya shaba shingo zake zimelehemiwa kwa risasi. Rejeta mpya zaidi zina matangi ya plastiki yanayozidi kuwa dhaifu kadiri yanavyozeeka. Zote mbili hazitaki kuvutwa.

Kwa gari ambalo mipira yake haitengenezwi tena, ipo njia bora kuliko makunyanzi. Chukua ule wa zamani, pima kipenyo cha ndani cha kila ncha, kisha tafuta mpira wa umbo wa gari jingine ambao kipande chake kina kona unazozihitaji, ukate hapo. Muuza spea mwenye subira atakuacha upekue. Kuunga kona mbili fupi kwa bomba la chuma katikati pia hufanya kazi, ila kila kiungo kinaleta klipu mbili za ziada na mahali papya pa kuvuja. Mpira uliolala dukani miaka kumi usiuhesabu kuwa mpya. Baadhi huwa na tarehe ya kutengenezwa ubavuni, isome. Uliovuliwa kwenye gari jingine achana nao.

Jambo moja kuhusu mpira wa chini. Kwenye magari mengi pampu huvuta maji kupitia huo, kwa hiyo mpira laini unaweza kunywea injini ikienda kasi, maji yakakosa njia. Mipira mingi ya zamani ilikuwa na springi ndani kuzuia hilo. Ukikuta springi iliyooza kwa kutu, vipande vyake havitakiwi kubaki kwenye mfumo. Ukikuta mpya hauna springi, uwe mnene na mgumu wa kutosha kusimama wenyewe.

Mmoja au yote?

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe. Hoja ya kubadilisha mmoja ni nyepesi kueleweka: mmoja ndio unaovuja. Hoja ya yote ni kwamba mipira iliyotoka kiwandani siku moja, ikanywa kulanti moja na kupashwa na injini moja, huchoka karibu pamoja. Lakini kuna sababu nyingine ambayo haisemwi sana. Mfumo unaovuja hauwezi kushika presha yake kamili. Kwa miezi kadhaa mipira mingine, rejeta na kiini cha hita vimekuwa vikifanya kazi kwa mzigo pungufu. Ukiufunga ule mpira mmoja ukashika vizuri, presha inarudi kamili, na kilichokuwa dhaifu kinajitokeza. Fundi husingiziwa kwamba ameharibu hita, kumbe ameutengeneza mfumo sawasawa.

Kazi nayo ihesabu. Kulanti umekwisha imwaga, bamba la chini umelifungua, mikono imeshachafuka. Mpira wa pili kwa wakati huo ni dakika chache, ilhali ukiungoja upasuke wenyewe ni kuanza upya, pengine ukiwa njiani. Mini ya zamani, iliyotengenezwa kuanzia 1959 hadi 2000, ina mpira mfupi sana wa baipasi kati ya pampu na silinda hedi kwenye injini zake nyingi. Kuuingiza bila kuvua vitu vingine ni mateso yanayojulikana na kila aliyejaribu. Mwenye Mini anayefungua pampu kwa sababu yoyote ile na kuurudisha ule mpira wa zamani anajitafutia kazi ya pili.

Mmoja unatosha pale chanzo kinapokuwa cha peke yake: umesuguliwa na mkanda wa feni, umechomwa na bomba la ekzosi, umekatwa na klipu, na wenzake uliwabadilisha juzi juzi. Hapo badilisha huo, ondoa kilichousugua, endelea na safari zako.

Fedha isipotosha kwa yote, wengi huanza na ule mkubwa wa juu kwa sababu unaonekana. Mimi ningeanza na iliyojificha, baipasi na ile ya nyuma ya injini, kwa sababu ikipasuka njiani huna la kufanya. Kisha wa juu wa rejeta, halafu wa chini. Ya hita ingefuata: ikipasuka, mara nyingi unaweza kuunganisha shingo mbili za injini kwa kipande kimoja na kuiruka hita hadi ufike. Kampira kembamba ka tangi la akiba kangoje.

Klipu

Klipu ya skrubu hukazwa kwa bisibisi, inapatikana kila mahali na hukubali vipimo vingi. Udhaifu wake ni kwamba haifuati mpira. Mpira ukipata moto hutanuka, klipu ikaubana zaidi. Ukipoa hunywea, na kwa muda mpira hukubali kubonyea pale ulipobanwa. Matokeo ni uvujaji wa asubuhi, injini ikiwa baridi, ambao hupotea gari likipata moto. Mtu huongeza kukaza, mpira ukabonyea tena, hadi utepe unapoukata au kuibonyeza shingo ya plastiki.

Klipu ya springi hujirekebisha yenyewe kwa joto na baridi, na haina cha kukaza kupita kiasi. Hutaka plaizi nzuri na nafasi ya kuishika, na ikikatika mkononi kwa kutu inaweza kuruka usoni, kwa hiyo vaa miwani. Lazima iwe saizi yake hasa. Watu huzitupa na kuweka za skrubu wakidhani wanaboresha. Kwa mpira wa EPDM naona wanarudi nyuma. Za skrubu nazitumia kwenye shingo za chuma za magari ya kale ambako za springi haziingii, nikichagua zenye utepe laini upande wa ndani. Za waya, zinazokutwa kwenye magari ya zamani sana, hubana mstari mwembamba na kuuzamia mpira. Labda kwa maonyesho.

Klipu yoyote uliyochagua haitasaidia kama shingo ina mashimo ya kutu. Maji matupu yasiyo na kulanti, au kulanti iliyopoteza dawa zake za kuzuia kutu, huila shingo ya alumini ikabaki na vidonda. Sugua kwa msasa laini hadi uone chuma kisafi. Mashimo yakiwa marefu kiasi cha kuvuka sehemu inayobanwa, shingo hiyo ijazwe au ibadilishwe. Kupaka gundi ya gasketi ndani ya mpira ni kuahirisha tu, na vipande vya gundi huishia kwenye rejeta.

Za kuokoa safari

Tepu ya silikoni inayojishika yenyewe ni kitu cha kuwa nacho garini. Inazungushwa kwa kuvutwa sana juu ya mpira uliokauka, na hushika vizuri kwenye tundu dogo katikati. Kwenye ncha haifai. Pale, kama mpira una urefu wa ziada, kata sehemu iliyochanika na uurudishe. Kulegeza kifuniko cha rejeta ili presha isipande husaidia kufika, lakini maji yatachemka mapema: kwa presha ya baa 1 maji hungoja hadi nyuzi 120 hivi, bila presha ni 100 au pungufu ukiwa mlimani. Dawa za kumimina za kuziba rejeta hazijatengenezwa kwa mpira uliopasuka, na zinaweza kuziba njia nyembamba za hita.

Wakati wa kufunga

Injini iwe baridi kabisa kabla ya kugusa kifuniko, na feni ya umeme uikate, kwani baadhi huwaka hata swichi ikiwa imezimwa. Kulanti ya ethilini glikoli ni sumu, na ladha yake tamu huwavutia wanyama na watoto. Ikinge kwenye beseni na uifunike.

Mpira ulioganda kwenye shingo usiuzungushe kwa nguvu, hasa ya hita ambayo mabomba yake ni membamba. Upasue kwa kisu kwa urefu, uubandue. Mpya ulainishe kwa maji au kulanti yenyewe. Grisi na oili huvimbisha EPDM. Klipu ikae nyuma ya tuta la shingo, si juu yake, milimita tatu hivi kutoka kwenye ncha ya mpira. Badilisha na kifuniko pamoja na thamostati kama ni za zamani, maana hazina gharama kubwa ukilinganisha na kazi uliyokwisha fanya.

Jaza taratibu, hita ikiwa kwenye moto wa juu, pua ya gari ikiwa imeinuka kidogo, na kama kuna skrubu ya kutolea hewa ifungue hadi maji yatoke bila mapovu. Kiwango kikishuka kidogo baada ya safari ya kwanza ni hewa iliyobaki ikitoka. Ongeza, na kama ulitumia klipu za skrubu zikaze tena injini ikiwa baridi. Kikiendelea kushuka na mipira ni ya EPDM, shingo ni kavu na sakafu ni kavu, tazama moshi mweupe wa ekzosi usiokoma injini ikishapata moto, na oili yenye rangi ya maziwa. Hapo mara nyingi kinachovuja ni gasketi ya silinda hedi.